Vibao vya Buluu vya London: Huduma Inayoijua Nyumba Kuliko Mwenye Nyumba

Katika mtaa wa Melbury Road, magharibi mwa jiji la London, nyumba namba 18 ina vibao viwili vya mviringo ukutani. Kimoja kinamtaja mchoraji William Holman Hunt, aliyeishi humo katika miaka yake ya mwisho na kufariki humo mwaka 1910. Cha pili kinamtaja Cetshwayo, mfalme wa Wazulu, na mwaka 1882. Mpita njia mwenye haraka ataona kuwa ni watu wawili mashuhuri waliopata kulala chini ya paa moja kwa nyakati tofauti, kisha ataendelea na safari yake. Atakayesimama kidogo atagundua kwamba vitenzi vya vibao hivyo havilingani. Mchoraji aliishi na akafia pale, ilhali mfalme alifikia tu, kwa maana ileile tunayoikusudia tunapomuuliza mgeni amefikia kwa nani. Nimeanza na nyumba hiyo kwa kuwa sifa na kasoro za huduma ninayoitathmini, yaani vibao vya buluu vinavyosimamiwa na shirika la English Heritage, zimekutana zote kwenye ukuta ule mmoja: usahihi wa anwani na tarehe, uangalifu katika kuchagua kitenzi, na ukimya mzito kuhusu jambo ambalo msomaji angependa zaidi kulijua, nalo ni kilichompeleka mfalme wa Wazulu London mwaka ule.

Huduma yenyewe ni kongwe. Wazo lake lilitolewa bungeni mwaka 1863 na mbunge William Ewart, na utekelezaji ukaanza mwaka 1866 chini ya chama kilichoitwa Society of Arts. Kibao cha kwanza kiliwekwa mwaka 1867 kwenye nyumba aliyozaliwa mshairi Byron, ambayo ilibomolewa mwaka 1889. Mwaka 1901 kazi hiyo ilichukuliwa na baraza la London County Council, mwaka 1965 ikarithiwa na Greater London Council, na tangu mwaka 1986 imekuwa mikononi mwa English Heritage. Vingi kati ya vibao vya mwanzo vilikuwa vya rangi ya kahawia, kwa sababu kiwandani rangi hiyo ilikuwa nafuu kuliko buluu. Sura tunayoijua leo ilichorwa mwaka 1938 na mwanafunzi wa chuo cha sanaa aliyelipwa gini nne tu (gini ni fedha ya zamani ya Uingereza), na ambaye jina lake halikuhifadhiwa. Ni kinaya kwamba mradi ulioanzishwa ili majina yasipotee ulilipoteza jina la mtu aliyeupa sura yake.

Kama kifaa, kibao hakina la kulalamikiwa. Ni duara la kauri lenye kipenyo cha milimita 495, lililozamishwa ukutani badala ya kuning'inizwa, na uso wake umebinuka kidogo ili mvua ikioshe vumbi. Herufi ni nyeupe, zimeinuka, na zinasomeka kutoka upande wa pili wa barabara. Vipo vibao vilivyokaa juani na mvuani kwa zaidi ya karne moja na bado vinasomeka, jambo ambalo haliwezi kusemwa kuhusu mabango mengi ya plastiki yanayowekwa siku hizi kwenye majengo ya kale.

Masharti ya kupata kibao ni machache, na ni makali. Mtu yeyote anaweza kupendekeza jina bila malipo. Anayependekezwa awe amefariki si chini ya miaka 20 iliyopita, na awe alikuwa mtu kweli, si mhusika wa hadithi. Jengo liwe bado limesimama katika hali ambayo mhusika angelitambua kama angerudi, na lionekane kutoka barabarani. Mmiliki lazima aridhie. Ukuta mmoja haubebi zaidi ya vibao viwili, ndiyo maana Melbury Road 18 imeshajaa. Pendekezo likishakataliwa na jopo, haliwezi kurudishwa kabla ya miaka 10 kupita. Kutoka pendekezo hadi siku ya uzinduzi huchukua miaka kadhaa, na vibao vinavyowekwa kwa mwaka ni takriban 12. Mwaka 2013 upokeaji wa mapendekezo mapya ulisimamishwa kabisa baada ya ruzuku ya serikali kupunguzwa, ukafunguliwa tena mwaka uliofuata. Kibao cha 1,000 kilizinduliwa mwaka 2023, na hakikuwa cha mtu mmoja bali cha chama cha Women's Freedom League kilichopigania haki ya wanawake kupiga kura.

Sasa niingie kwenye kiini. Kibao cha kihistoria ni dai, na dai huweza kubishaniwa kwa namna mbili zisizofanana hata kidogo. Namna ya kwanza ni ya ushahidi: je, ni kweli kwamba fulani aliishi hapa, na ni hapa hasa au nyumba ya pili? Namna ya pili ni ya maana: tukishakubaliana kwamba aliishi hapa, je, anastahili kutajwa, na atajwe kwa neno gani? Watu wengi wanaogombana kuhusu vibao huzichanganya namna hizi mbili, na matokeo yake ni kwamba anayehoji sifa ya mtu hujibiwa kwa hati za nyumba, na anayehoji anwani hujibiwa kwa sifa za mtu. Huduma ya English Heritage ni bora sana katika namna ya kwanza. Katika ya pili imekuwa ikijikongoja, na maendeleo yake ya karibuni yametokea zaidi kwenye tovuti kuliko ukutani.

Tuanze na ushahidi. Tatizo kubwa la nyumba za kale mjini ni kwamba mitaa hubadilishwa majina na nyumba hupewa namba mpya, kwa hiyo barua iliyoandikwa zamani kutoka nyumba namba 12 huenda leo ikamaanisha namba 30, au isimaanishe nyumba yoyote iliyobaki. Mtafiti hulazimika kulinganisha madaftari ya kodi za majengo, vitabu vya anwani, sensa, orodha za wapigakura na ramani za vipindi tofauti hadi apate uhakika kwamba ukuta anaoutazama ndio wenyewe. Ni kazi ya subira, na wakati mwingine hufanywa na mtu ambaye hakutarajiwa. Nyumba ya Hackford Road namba 87, ambamo Vincent van Gogh alipanga chumba alipokuwa kijana, ilitambuliwa na mfanyakazi wa posta mwaka 1971, wakati wa mgomo wa posta uliompa nafasi ya kufuatilia suala hilo. Mnamo 1973 kibao kikawekwa. Napenda kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kwamba uthibitisho hautegemei cheo cha anayeuleta. Hutegemea karatasi alizozishika mkononi.

Ubora huo unaonekana vizuri zaidi ukitazama vibao vilivyowekwa nje ya mpango huu, kwani London ina vibao vya kila aina na vya kila mwenye uwezo wa kuviagiza. Jumba la makumbusho la Sherlock Holmes katika mtaa wa Baker Street lina kibao cha buluu kinachomtangaza mpelelezi huyo pamoja na miaka yake, kana kwamba alilipa kodi ya pango, ilhali ni mtu wa kubuni. Huo ni utani ambao haumdhuru mtu, ila mgeni asiyejua tofauti hana namna ya kuutambua kwa kutazama rangi na umbo. Mfano mzito zaidi ni kibao kilicho kwenye jengo la New Zealand House, katika mtaa wa Haymarket, kinachosema kwamba Ho Chi Minh, aliyekuja kuwa kiongozi wa Vietnam, alifanya kazi mwaka 1913 katika hoteli ya Carlton iliyokuwa mahali hapo. Hoteli ilishavunjwa, jengo lililopo ni la baadaye kabisa, na ushahidi wa maandishi kuhusu ajira hiyo ni haba. Simaanishi kwamba habari hiyo ni ya uongo. Ninachosema ni kwamba kibao hicho kisingepita kwa masharti ya English Heritage, kwa sababu ya jengo peke yake, kabla hata suala la ushahidi halijafikiwa. Buluu ya vibao hivyo na ya vile vya English Heritage ni ileile machoni mwa mpita njia, na hapo ndipo penye udhaifu wa kwanza wa huduma hii: haijaweza kulinda alama yake. Sifa iliyojengwa kwa uchunguzi wa miaka mingi huazimwa bure na yeyote mwenye kigae na gundi.

Nikija kwenye namna ya pili ya ubishi, ile ya maana, lazima nikiri kwamba kibao ni chombo kigumu kukitendea haki. Nafasi iliyopo inatosha jina, miaka, kazi na kitenzi. Kila kitu cha kubishaniwa kinasongamana ndani ya neno linalotaja kazi ya mtu. Chukua kibao cha Berkeley Square namba 45, kilichowekwa mwaka 1953 kwa ajili ya Robert Clive. Kinamwita Clive wa India, kinataja 1725 na 1774, kisha kinaongeza maneno matano ya Kiingereza yenye maana kwamba alikuwa mwanajeshi na msimamizi wa utawala, na kwamba aliishi hapo. Hakuna hata moja la uongo. Alikuwa mwanajeshi, alisimamia utawala, na aliishi hapo, tena alifia hapo. Hata hivyo, neno “msimamizi” linaposimama mbele ya mtu aliyeiongoza kampuni ya biashara kulitwaa jimbo la Bengal, akarudi kwao na utajiri uliolifanya bunge lake lenyewe limchunguze, linakuwa neno la adabu kupita kiasi. Tena jina lenyewe, Clive wa India, si jina bali ni lakabu ya sifa iliyoingizwa mahali pa jina, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu ya kibao inayopaswa kubishaniwa kwanza, kwa kuwa inamkabidhi mtu nchi nzima kwa kiunganishi kimoja.

Linganisha sasa na kibao cha Lyme Street namba 13, mtaa wa Camden, kilichozinduliwa mwaka 2003 kwa ajili ya Ruth First na Joe Slovo. Hapo kazi zao hazikutajwa kwa maneno baridi kama mwandishi na mwanasheria, ingawa Ruth First alikuwa mwandishi wa habari na Joe Slovo alikuwa wakili. Waliitwa wapigania uhuru wa Afrika Kusini. Mimi ninakubaliana na neno hilo, ila kukubaliana kwangu hakulifanyi kuwa neno lisilo na upande. Serikali iliyowafukuza nchini mwao ilikuwa na jina lingine kwa ajili yao. Kwa hiyo haiwezekani kusema kwamba vibao hivi haviamui chochote na kwamba vinarekodi tu. Vinaamua, na uamuzi wake hubadilika kulingana na mwaka kibao kilipoandikwa. Clive aliandikwa mwaka 1953, wakati dola ya Kiingereza ikiwa bado na makoloni mengi. First na Slovo waliandikwa baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka. Ingefaa kila kibao kibebe kwa herufi zinazosomeka mwaka kilipowekwa, kwa sababu mwaka huo ndio unaomwambia msomaji ni nani anayezungumza naye. Vibao vingi hutaja mamlaka iliyoviweka bila kutaja mwaka, na huo ni upungufu ambao ungerekebishwa kwa tarakimu nne tu.

Kwa msomaji wa Kiswahili, kibao cha kuvutia kuliko vyote pengine ni cha Cambridge Street namba 95, katika eneo la Pimlico, kilichowekwa mwaka 2005. Kinamtaja Jomo Kenyatta, rais wa kwanza wa Jamhuri ya Kenya, na kinasema aliishi hapo kuanzia 1933 hadi 1937. Mbele ya tarakimu 1894, mwaka wake wa kuzaliwa, imewekwa herufi ndogo ya c yenye nukta, mkato wa neno la Kilatini lenye maana ya takriban. Herufi hiyo moja ni ya kusifiwa. Kenyatta mwenyewe hakuijua tarehe yake ya kuzaliwa. Alizaliwa katika jamii iliyohesabu umri kwa marika na si kwa vyeti, na vitabu hutofautiana kuhusu mwaka. Lingekuwa jambo rahisi kuchagua mwaka mmoja na kuuandika kwa ujasiri, kama yalivyofanya mabango mengi mengine. Walioandaa kibao hiki walikubali kukiri ukutani, mbele ya watu, kwamba hawana uhakika. Herufi hiyohiyo inaonekana mbele ya mwaka wa kuzaliwa wa Cetshwayo, kwa sababu kama hiyo.

Lakini kibao hichohicho kina jambo jingine ambalo huduma hii haikulishughulikia. Mtu aliyepanga katika nyumba ile kati ya 1933 na 1937 hakuwa akiitwa Jomo. Alijulikana kama Johnstone Kenyatta, mjumbe wa Wakikuyu aliyekuja kudai ardhi yao na baadaye mwanafunzi wa anthropolojia, mara nyingi akiwa hana fedha. Jina la Jomo alianza kulitumia hadharani mwaka 1938, alipochapisha kitabu chake, baada ya kipindi kinachotajwa ukutani. Wala hakuwa rais wa nchi yoyote. Kenya ilikuwa koloni na madai yake yalikuwa yakikataliwa katika ofisi zilizokuwa mwendo mfupi kutoka nyumba ile. Kibao kimempeleka rais wa 1964 kwenye chumba cha mpangaji wa 1933. Naelewa sababu, kwani mpita njia humtambua rais na hawezi kumtambua Johnstone. Hata hivyo, lililo muhimu kihistoria kuhusu nyumba ile ni kwamba aliyeishi humo hakuwa bado yule tunayemfahamu, na kibao kinatunyima hilo hasa. Cha Kwame Nkrumah katika Burghley Road namba 60 kina tatizo lilelile, kwani kinamtaja rais wa kwanza wa Ghana kwenye nyumba aliyoishi kuanzia 1945 hadi 1947.

Nirudi kwa Cetshwayo, ambaye nilimwacha mlangoni. Mwaka 1879 jeshi la Uingereza lilivamia nchi yake, likashindwa vibaya Isandlwana, kisha likarudi na kumshinda. Alikamatwa, akazuiliwa katika koloni la Cape, na mwaka 1882 akaruhusiwa kwenda London kumwomba Malkia Victoria arudishiwe ufalme wake. Nyumba ya Melbury Road ndiyo aliyopangiwa kukaa, chini ya uangalizi, huku umati ukikusanyika nje kumtazama. Kwa hiyo kibao kinachomwita mfalme wa Wazulu kimempa cheo ambacho wenyeji wake walikuwa wamemvua, nami naona kimefanya vyema. Kitenzi nacho ni sahihi, kwa kuwa alifikia na hakuishi. Kinachokosekana ni hali yake: hakuwa mgeni huru, na alikuwa amekwenda kudai kilichoporwa. Sina hakika kwamba kigae cha nusu mita kingeweza kulibeba hilo. Nina hakika kwamba bila hilo, msomaji asiyejua atadhani mfalme alikwenda London kutembea.

Sharti la miaka 20 linastahili sifa yake peke yake, na mfano wa kulitetea hauko London bali Scarborough. Mtangazaji Jimmy Savile alifariki Oktoba 2011, na muda si mrefu kibao cha kumkumbuka kikabandikwa kwenye nyumba yake katika mji huo, nje ya mpango ninaouzungumzia. Oktoba 2012, baada ya tuhuma za unyanyasaji wa watoto kufichuka, kibao hicho kilichafuliwa kwa maandishi kisha kikaondolewa. Hakikudumu hata mwaka mmoja. Kungoja miaka 20 hakumzuii mtu mbaya kupata kibao, ila kunawapa walioumizwa muda wa kusema na wenye kumbukumbu muda wa kufungua makabati. Haikuwa hivyo tangu mwanzo: kibao cha kale zaidi kilichobaki, cha mwaka 1867 katika King Street, ni cha Napoleon wa Tatu, ambaye wakati huo alikuwa hai na akiwa bado mfalme mkuu wa Ufaransa. Waliokiweka walikipamba kwa tai wa kifalme. Miaka mitatu baadaye akapinduliwa.

Vipi basi ubishi unapozuka baada ya kibao kuwekwa? Historia ya Karl Marx ukutani mwa London ina mafunzo. Mwaka 1935 baraza liliweka kibao kwenye nyumba ya Maitland Park Road, na kibao hicho kiliharibiwa na watu zaidi ya mara moja hadi baraza likakata tamaa. Mwaka 1967 kingine kiliwekwa Dean Street namba 28, ambako Marx na familia yake walikaa katika vyumba vichache katika miaka ya 1850. Ghorofa ya chini ilikuwa mgahawa, na mwenye mgahawa alilalamika kwamba wateja wake ni matajiri na watu wa koo za kifalme, yaani walewale ambao Marx alitaka kuwaondoa duniani. Lalamiko lake ni la kuchekesha, lakini linagusa swali la haki: kibao hubandikwa kwenye mali ya mtu, na mtu huyo huonekana kana kwamba ndiye anayesifu. Kwa kulazimisha ridhaa ya mmiliki, huduma ya leo imeziba mwanya huo, ingawa gharama yake ni kwamba mmiliki mmoja asiyependa siasa za marehemu anaweza kuuzuia mji mzima usimkumbuke.

Njia ambayo English Heritage imeichagua kwa vibao vyenye utata ni kuuacha ukuta kama ulivyo na kuyapanua maelezo kwenye tovuti. Mwaka 2021 ilijulikana kwamba ukurasa wa mwandishi wa watoto Enid Blyton, ambaye kibao chake kiko Chessington, umeongezewa aya zinazoeleza kwamba kazi zake zilikosolewa kwa ubaguzi wa rangi na chuki dhidi ya wageni, tena zilikosolewa angali hai. Magazeti yalipiga kelele kana kwamba kibao kimeng'olewa, wakati shirika lilikuwa limesema wazi kwamba halina mpango wa kuondoa chochote. Kwangu mimi huo ulikuwa uamuzi wa busara usiofikishwa mahali pake. Ukurasa ni mzuri, una vyanzo, unasomeka. Ila aliyesimama barabarani hajui kwamba upo, kwa sababu kibao hakina alama yoyote inayompeleka huko. Maelezo yamewekwa mahali ambapo anayebishana atayapata, na anayetaka kujua tu hatayaona.

Njia nyingine zimejaribiwa kwingineko, na kuzitazama kunanifanya niihurumie English Heritage kidogo. Bristol, kabla sanamu ya Edward Colston haijaangushwa tarehe 7 Juni 2020, walijaribu kuongeza bamba la pili la kueleza nafasi yake katika biashara ya watumwa. Maneno yalihaririwa, yakapunguzwa, yakalainishwa kwa shinikizo la waliotaka jina lake lisichafuke, hadi meya akasimamisha mpango mwaka 2019 na bamba halikuwekwa kamwe. Edinburgh walifika mbali zaidi: bamba linalomhusisha mwanasiasa Henry Dundas na kucheleweshwa kwa ukomeshaji wa biashara ya watumwa liliwekwa mwaka 2021, likang'olewa mwaka 2023 na waliolipinga, likarudishwa mwaka 2024, huku wanahistoria wenyewe wakiwa hawajakubaliana kuhusu uzito wa lawama yake. Oxford, katika mtaa wa King Edward Street, bamba la mwaka 1906 linalomshukuru Cecil Rhodes kwa huduma kubwa alizoitendea nchi yake liliwekewa ulinzi wa kisheria na serikali mwaka 2022, ingawa chombo chake cha ushauri kilikuwa kimependekeza vinginevyo. Tanbihi: kuwa kibao peke yake hakuvipi vibao vya London ulinzi wa namna hiyo. Nyumba yenye kibao cha buluu inaweza kubomolewa kihalali ikiwa haimo katika orodha ya majengo yanayohifadhiwa, jambo ambalo wanunuzi wengi wa nyumba hawalijui.

Yapo malalamiko mengine nitakayoyapitia haraka. Mwaka 2018 shirika lenyewe lilisema kwamba ni asilimia 14 tu ya vibao vyake vinavyowataja wanawake, na ingawa limefanya juhudi tangu hapo, kasi ya vibao 12 kwa mwaka haiwezi kurekebisha pengo la karne na nusu upesi. Sharti la jengo kubaki limesimama linawapendelea waliokuwa na nyumba imara katika mitaa ya heshima, kwa sababu nyumba za maskini ndizo hubomolewa kwanza. Mary Seacole, muuguzi mzaliwa wa Jamaika, alipoteza kibao chake nyumba ilipobomolewa, na ikabidi atafutiwe anwani nyingine huko Soho Square mwaka 2007. Alibahatika kuwa na zaidi ya moja.

Kwa anayetaka kuitumia huduma hii, ushauri wangu ni wa kiutendaji. Akifika mbele ya kibao, kwanza atafute jina la mamlaka iliyokiweka, kwani hilo ndilo linalotofautisha kigae kilichochunguzwa na kigae cha mapambo. Kisha asome kitenzi kabla ya jina: aliishi, alifikia, alifanya kazi, alizaliwa au alifariki. Neno la kazi aliache la mwisho, na alisome kwa shaka. Baada ya hapo afungue ukurasa wa kibao hicho kwenye tovuti ya shirika, ambako atakuta yale ambayo ukuta haukuyasema. Kwa uhakika wa anwani na tarehe, ninaipa huduma hii nyota tano. Kwa maelezo yaliyo ukutani ninaipa mbili, na kwa maelezo ya tovuti ninaipa nne. Kama ningeombwa kupendekeza badiliko moja tu, ningeomba alama ndogo ya kusomwa kwa simu ibandikwe chini ya kila kibao, nje ya duara, ikianzia na Berkeley Square namba 45.